Dawati la Muuguzi: Nyonga ya mama na hesabu za hospitali

Toleo lililopita niliandika, kwa kupitia tu, kwamba nusu ya kazi yangu ni kuhesabu wazee waliovunjika nyonga. Barua zilizokuja zimezidi zile nilizowahi kupata kuhusu kisukari. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na nne niko wodi ya mifupa kaskazini mwa Uingereza. Asubuhi nahudumia wagonjwa. Mchana nakaa na kompyuta, najaza nani kafika saa ngapi, kapasuliwa saa ngapi, kasimama lini, karudi kwao au hakurudi. Nimechagua barua nne.

*Shikamoo Bi Muuguzi. Mama yangu ana miaka 81, tunaishi naye hapa Uingereza tangu baba afariki. Aliteleza akitia udhu alfajiri, akavunjika nyonga. Upasuaji ulifanyika baada ya saa 29. Rafiki yangu akanionyesha kwenye intaneti kwamba vifo vya hospitali hiyo viko juu kuliko vya hospitali jirani, nikalaumiwa na dada zangu kwa nini nilimpeleka huko. Halafu wauguzi wanasema akili ya mama imepungua, kapata 4 kati ya 10 kwenye maswali yao. Mama ambaye anajua bei ya kila kitu soko la Kongowea, Mombasa! Je, tuliingia hospitali mbovu? Mwana wa Kisauni.*

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole zangu, na dada zako waambie wakuache upumue. Gari la wagonjwa halikuulizi unapendelea hospitali gani.

Tuanze na alichokuonyesha rafiki yako. Ni rejista ya taifa ya wavunjika nyonga, iliyoanzishwa mwaka 2007. Kila mtu wa miaka 60 na zaidi anayelazwa kwa nyonga iliyovunjika huku anaingizwa humo. Ni zaidi ya watu 65,000 kwa mwaka, na takwimu za kila hospitali ziko wazi, hata wewe ukiwa kitandani na simu unaziona. Waswidi walitangulia, wao rejista yao ni ya 1988. Nyonga ilichaguliwa kwa sababu nyepesi: mzee aliyevunjika nyonga hawezi kubaki nyumbani akijifariji, lazima aje. Na akija anapita kila mlango wa hospitali, kuanzia mapokezi, eksirei, maabara, mtaalamu wa usingizi na chumba cha upasuaji, hadi wodi, mazoezi ya viungo na ustawi wa jamii. Mlango mmoja ukikwama, nyonga inakusemea.

Sasa hiyo namba ya vifo. Wanahesabu waliofariki ndani ya siku 30. Chukua hospitali yenye wagonjwa 300 kwa mwaka, na tuseme kwa kawaida wanafariki 6 katika kila 100. Hapo utategemea vifo 18. Mwaka huu vitakuwa 23, mwakani 14, na hakuna aliyebadilisha hata shuka. Ndiyo maana wenye rejista hupiga hesabu kwanza: umri, jinsia, ugonjwa mwingine alionao, alikuwa anatembeaje kabla ya kuanguka, katokea kwake au makao ya wazee, mfupa umekatikia wapi. Baada ya hapo ndipo hospitali inawekwa kwenye mchoro wenye umbo la faneli. Ikiwa ndani ya faneli, iko sawa na wenzake, hata kama nukta yake iko juu kidogo ya ile ya jirani. Ikitoka nje, wanaandikiwa barua, na barua ile nakwambia haisomwi kwa kunywa chai. Angalia tena: nukta ya hospitali ya mama iko ndani au nje? Kama ni ndani, wapigie dada zako simu leo.

Mimi nikimpeleka mama yangu, natazama saa kabla ya vifo. Kipimo cha huku ni upasuaji ndani ya saa 36. Mama yako saa 29, amepita. Lakini ukisikia namba yoyote ya masaa, uliza inaanza kuhesabiwa wapi. Kwenye rejista inaanza mzee anapofika mlango wa dharura, si daktari anapotia saini, na inaisha anapopewa dawa ya usingizi au ganzi. Nimewahi kufanya kazi mahali, sipataji, ambapo meneja mmoja alitaka tuanze kuhesabu tangu eksirei ilipothibitisha. Kwenye karatasi tungepata saa nne za bure. Dada wa mapokezi, Mjamaika mmoja mtu mzima, akamjibu: "Hizo saa nne bibi alikuwa wapi, sokoni?" Shauri likafia hapo.

Kipimo chenyewe nacho kina ubaya wake, sitakuficha. Nimeona kwa macho: wazee wawili, nafasi moja ya mwisho kwenye orodha ya chumba cha upasuaji. Mmoja ana saa 33, mwenzake 40. Nani aende? Ubinadamu unasema wa 40, kakaa na maumivu zaidi. Ila yule wa 40 "ameshaharibika" kwenye takwimu, na wa 33 bado anaokoleka. Siku ile mtaalamu wa usingizi alimchukua wa 40, meneja akanuna wiki nzima. Sijui siku ambazo sikuwapo ilikuwaje.

Hata hivyo kuhesabu kumesaidia. Kati ya 2007 na 2011, kwenye hospitali zilizojiunga, waliopasuliwa siku ya kufika au kesho yake walipanda kutoka asilimia 54.5 hadi 71.3, na vifo vya siku 30 vikashuka kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Leo viko chini zaidi ya hapo. Ila usidhani siri yote ni haraka. Utafiti mmoja mkubwa wa nchi 17, wagonjwa 2,970, ulitoka mwaka 2020: kundi moja likapasuliwa ndani ya saa kama 6 tangu kugunduliwa, jingine kwa utaratibu wa kawaida, kama saa 24. Vifo vya siku 90 vilikuwa asilimia 9 na asilimia 10, tofauti isiyo na maana. Kwenye kundi la haraka waliochanganyikiwa walikuwa wachache kuliko kwa wenzao. Siku mbili tatu za kulala na mfupa uliokatika zinaua. Ila tofauti ya saa 6 na saa 24 si kitu cha kumpigia muuguzi kelele.

Kilichobadilisha wodi yangu ni daktari bingwa wa wazee kupita kila asubuhi pamoja na wa mifupa. Wazo lenyewe ni la zamani, la Hastings, pwani ya kusini, kwa daktari wa mifupa Michael Devas na mwenzake wa wazee, Irvine, mimi sijazaliwa. Daktari wa mifupa anataka kujua mfupa umekatika wapi. Huyu wa wazee anavuta kiti, anauliza: "Ulikuwa unafanya nini ulipoanguka? Ulisikia kizunguzungu? Umekunywa dawa gani?" Aprili 2010 serikali ikaanza kuzilipa hospitali nyongeza kwa kila mzee aliyetimiziwa yote: saa 36, daktari wa wazee ndani ya saa 72, sababu ya kuanguka kutafutwa, dawa ya kuimarisha mifupa kufikiriwa. Kimoja kikikosekana, nyongeza hakuna. Madaktari wa wazee walikuwa adimu kama mvua ya Januari, ghafla nafasi zikatangazwa. Kwa mama yako, alfajiri, udhu, kuinama kisha kusimama: waombe wampime presha akiwa amelala, halafu akiwa amesimama. Nisingeshangaa ikawa inashuka.

Nimebakiza lile la akili, na hapa nina hasira zangu. Maswali kumi unayoyasema ni ya mwaka 1972. Una miaka mingapi, saa ngapi sasa, mwaka gani, hapa ni wapi, vita vya kwanza vya dunia vilianza lini, mfalme ni nani, hesabu kutoka 20 kurudi nyuma hadi 1, na kadhalika. Miaka michache nyuma niliitwa wodi ya jirani, kuna bibi wa Lamu "amechanganyikiwa kabisa". Mkalimani wao alikuwa mjukuu, kijana wa miaka kumi na saba aliyezaliwa hapa. Bibi aliulizwa ni saa ngapi. Akatazama dirishani, si ukutani, akajibu: "Saa nane unusu." Mjukuu akatafsiri: nane na nusu. Saa ya ukutani inasoma mbili na nusu mchana. Sifuri. Tarehe ya kuzaliwa, kwenye pasi ni 1 Januari kama ya nusu ya wazee wetu, yeye akasema alizaliwa siku ya pili ya Idi. Sifuri. Vita vya dunia akauliza ni vipi, vya Mjerumani au vya Mtaliano. Hilo nalo sifuri, ingawa ni swali zuri kuliko waliloliuliza wao.

Baada ya upasuaji kuna kipimo kingine kifupi, taja miezi ya mwaka kwa kurudi nyuma kuanzia Desemba. Muuguzi kijana akaniita tena, uso umemshuka: bibi anaongea maneno yasiyoeleweka. Nikasogea. Bibi kafumba macho, anahesabia vidole juu ya blanketi: "Ramadhani, Shaabani, Rajabu, Mfunguo Tisa, Mfunguo Nane, Mfunguo Saba..." Akashuka hadi Mfunguo Mosi bila kukwama, kumi na mbili kamili, kisha akafumbua macho akaniuliza kama nataka na za Kizungu. Unapita ukitaja saba. Nikafuta, nikajaza upya, pembeni nikaandika maelezo ili kesho asije mtu akafuta changu.

Kwa hiyo ile 4 ya mama usiichukulie kama hukumu, wala usiipuuze. Omba apimwe tena, na mkalimani wa hospitali, si wewe wala mjukuu. Wewe utamsaidia kujibu, tunawajua. Akiwa leo macho, kesho anamwita marehemu baba yako, usiku anang'oa mrija wa dripu, hilo si akili kupungua. Ni kuweweseka kwa ghafla kunakoletwa na maumivu, dawa, choo kufunga au mkojo kuziba, na kunatibika. Mpelekee miwani yake na kifaa chake cha kusikia kama anacho. Mpelekee na kanga yake.

*Habari za kazi dada. Mimi ni muuguzi mfawidhi wa wodi ya mifupa, hospitali moja ya mkoa, Tanzania. Vitabu vya MTUHA, vile vya serikali vya taarifa za huduma za afya, tunajaza, ila havinionyeshi kama wazee wa nyonga tunawahudumia vizuri. Wengi wanatundikiwa uzito mguuni wakisubiri ndugu wakusanye pesa za damu na za vyuma vya kuungia mfupa. Kompyuta moja, mhasibu ndiye mwenye funguo. Nianzie wapi? Mfawidhi.*

Nzuri, dada, na barua yako nimeisoma mara mbili. Nunua kaunta buku ya kwaya mbili. Kompyuta mwachie mhasibu.

Piga mistari, kila mgonjwa mstari mmoja, na usiweke safu nyingi, utachoka wiki ya pili. Alianguka siku gani. Alifika getini siku gani na saa ngapi. Aliingia chumba cha upasuaji lini, na kama hakuingia, kwa nini: vyuma, damu, mtaalamu wa usingizi hayupo, ndugu wamekataa. Alisimama lini kwa mara ya kwanza. Kidonda cha kulalia: ndiyo, hapana, cha wapi. Alitembeaje kabla ya kuanguka. Namba mbili za simu, ya kwake na ya yule anayemletea uji. Usiandike ya mlipaji pesa, yeye yuko Dar na hajui kama mama ameoga.

Kuanguka na kufika ziandike mbalimbali, usizichanganye. Huku kwetu tofauti yake ni masaa. Kwako nadhani utaona siku, pengine wiki mbili kwa mganga wa mifupa na majani yaliyofungwa kwa kitenge. Hizo wiki mbili hazikuhusu wodi yako, na usikubali kulaumiwa nazo, ila Mganga Mkuu wa Mkoa anatakiwa azione.

Jambo ambalo ningekushika mkono nikalisema uso kwa uso ni hili: kitabu kianze mlangoni, kisianzie chumba cha upasuaji. Ukiandika waliopasuliwa tu, takwimu zako zitang'aa, maana waliopasuliwa ni wale wenye watoto wenye mishahara. Mzee aliyelala siku kumi na moja na uzito mguuni, ndugu wakasaini wakamrudisha kijijini, ndiye anayepotea. Kwake weka mstari kamili kama wa wengine, kwenye safu ya upasuaji andika "ameondoka". Huku wasiopasuliwa ni wachache sana, na bado rejista inawahesabu.

Siku ya 30 piga simu. Huku hospitali hufuatilia siku ya 120, kwa ajili ya rejista. Wewe anza na ya 30, vocha yenyewe utaitoa mfukoni, najua. Usiulize "anaendeleaje", utajibiwa "tunamshukuru Mungu" hata kama kazikwa juzi. Uliza: chooni anafikaje? Kwa miguu, kwa fimbo, kwa kubebwa, au choo kinamfuata kitandani? Hapo mtu anakujibu kweli.

Baada ya miezi mitatu usimpelekee mkurugenzi asilimia. Kama ni wagonjwa 22, sema 22. "Kati ya wazee 22, tisa walisubiri vyuma tu, kila kitu kingine kilikuwa tayari." Namba zako zitakuwa nyingine, ila zisome hivyo. Sentensi ya namna hiyo inaweza kununua seti mbili za vyuma vya kukaa kabatini, ndugu wakarudisha pesa polepole. Niandikie ulipofika.

*Asalaam aleikum. Baba yangu, miaka 78, amepasuliwa nyonga hapa Muscat juzi. Asubuhi iliyofuata wakaja watu wawili wakamsimamisha, analia. Huu si ukatili? Binti yake.*

Waaleikum salaam binti. Walichofanya ndicho tunachopimwa nacho na sisi: mzee atoke kitandani, akae au asimame, siku ya upasuaji au kesho yake. Akilala anapata nimonia, damu inaganda miguuni, makalio yanachubuka, na misuli ya mzee inakwisha upesi kuliko unavyodhani. Chuma kimewekwa ili kibebe uzito wake. Hakitafunguka.

Kulia kwake, hata hivyo, kunaniambia kitu. Waulize dawa ya maumivu alipewa saa ngapi. Ya kumeza itolewe kama dakika arobaini na tano kabla ya wale wawili kufika. Wodini kwetu tuliwahi kuwa na alama nzuri mno za "kasimama siku ya kwanza", hadi mtu mmoja akalinganisha saa za dawa na saa za mazoezi. Dawa zilikuwa zinagawiwa saa nne, wa mazoezi wanapita saa tatu. Alama zilikuwa za kweli, na wazee walikuwa wanalia. Tukasogeza kitoroli cha dawa.

*Bi Muuguzi, bibi yetu amefungishwa kula tangu saa sita usiku, saa kumi jioni wakaahirisha upasuaji, usiku wakamfungisha tena. Hii imekaaje? Mjukuu, Nairobi.*

Imekaa vibaya, na ni ugonjwa wa hospitali za dunia nzima, hata kwetu. Bahati mbaya wengi hatuna safu ya kuandika bibi alikaa saa ngapi bila hata maji, kwa hiyo hakuna anayeulizwa. Mwongozo unaotumika sehemu nyingi ni chakula kikome masaa sita kabla, lakini maji na vinywaji vyepesi vinavyopitisha mwanga, visivyo na maziwa, vinaruhusiwa hadi masaa mawili kabla ya dawa ya usingizi, kama hana tatizo la tumbo au la kumeza. Chai ya rangi imo, hata na sukari. Kesho usisubiri waahirishe. Wakati wauguzi wanabadilishana zamu alfajiri, muulize mfawidhi: bibi ni wa ngapi kwenye orodha? Akikwambia wa nne, hawezi kuingia kabla ya mchana, mwombe ampigie mtaalamu wa usingizi simu kuhusu hiyo chai. Wewe uwe na chupa ya chai tayari mkononi, na kikombe kidogo.